Wiki Mbili Katika Nyumba ya Mwingine

Kabla ya kuondoka, kila mama aliacha maandishi. Aliandika watoto waamshwe saa ngapi, nani anapigiwa pasi na nani anajipigia mwenyewe, chakula cha jioni kiwe mezani saa ngapi, mume akirudi kazini atarajie nini. Kisha akafunga sanduku, akawaaga wanawe, akaenda kwenye nyumba asiyowahi kuiona, ambako mwanamke mwingine alikuwa amemwachia maandishi ya aina hiyohiyo. Siku za mwanzo alitakiwa kuishi kama maandishi yale yanavyoamuru. Baadaye zamu ilimgeukia: yeye ndiye akatunga sheria, na familia isiyo yake ikalazimika kuzifuata. Mwisho wa yote, watu wazima wanne walikutanishwa kwenye meza moja mbele ya kamera, wakaambizana waliyoyaona.

Hivyo ndivyo kilivyokwenda kipindi cha Wife Swap, yaani kubadilishana wake, kilichoanza kurushwa na kituo cha Channel 4 cha Uingereza Januari 2003. Jina lilitisha kuliko jambo lenyewe. Mgeni alipewa chumba chake, na mambo ya kitandani hayakuwemo katika makubaliano. Kilichobadilishwa ni kazi: sufuria, ndoo, ratiba ya shule, na madaraka ya kumwambia mtoto "hapana". Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikabidhiwa jembe lake mlangoni.

Wapo waliokidharau kipindi hicho tangu siku ya kwanza, wakakiita umbeya wa kulipiwa. Hawakukitazama vizuri. Katika miaka yake bora kiliwafanya mamilioni ya watu, wakiwa wamekaa sebuleni mwao, waone kazi ambayo kwa kawaida haionekani mpaka siku anayeifanya anapokosekana. Na biashara ilipokishika barabara, watu walewale waliofungua milango yao ndio waliolipa. Mambo yote mawili ni kweli, na yalianza mapema zaidi, ng'ambo ya Atlantiki.

Mwishoni mwa Mei 1971, mtayarishaji Craig Gilbert aliingiza kamera kwenye nyumba ya familia ya Loud huko Santa Barbara, California. Bill Loud alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya mitambo ya migodini. Mkewe, Pat, alikuwa nyumbani na watoto. Watoto walikuwa watano. Na nje kulikuwa na bwawa la kuogelea. Kwa kipimo cha Marekani ya siku zile, hiyo ndiyo familia iliyofika. Alan Raymond alishika kamera, mkewe Susan akashika kinasa sauti, na kwa miezi saba wakawa nao asubuhi na jioni. Walirekodi takriban saa 300, zikakatwa hadi zikabaki sehemu 12 zilizoonyeshwa na mtandao wa umma wa PBS kuanzia Januari 1973, kwa jina An American Family.

Katikati ya kurekodi, ndoa ilivunjika. Pat alimsubiri mumewe atoke safarini, akamwambia anataka talaka na kwamba ahame, akampa kadi ya mwanasheria wake. Kamera haikuzimwa. Kijana wao mkubwa, Lance, aliyekuwa akiishi katika hoteli ya Chelsea jijini New York, hakuficha kwamba alivutiwa na wanaume, jambo ambalo runinga ya Marekani ilikuwa haijapata kulionyesha waziwazi hivyo ndani ya familia halisi. Watazamaji takriban milioni 10 walifuatilia. Mwanaanthropolojia Margaret Mead alikisifu kipindi hicho kwa maneno makubwa, akakilinganisha na kuzaliwa kwa tamthilia au riwaya. Wengine waliwashambulia wanafamilia wenyewe: wamelea vibaya, ni watupu, wanapenda kuonekana. Pat Loud alilazimika kupita kwenye vipindi vya mahojiano kuitetea familia yake, akisema kwamba uhariri uliacha furaha yao chini ya meza na kubakiza machungu. Gilbert, aliyeanzisha yote, hakutengeneza kipindi kingine tena maishani mwake.

Lalamiko hilo la Pat Loud linastahili kukumbukwa. Katika saa 300, zaidi ya saa 280 hazikuonekana kamwe. Anayechagua zile chache zilizobaki ndiye anayeamua mama fulani ni mwema au mbaya, na uamuzi huo anaufanya chumbani, mhusika akiwa hayupo.

Uingereza haikuchelewa. Mwaka 1974 mwongozaji Paul Watson aliwapelekea watazamaji wa BBC familia ya Wilkins wa mji wa Reading, katika kipindi kilichoitwa The Family. Hawa hawakuwa na bwawa. Walibanana katika nyumba iliyokuwa juu ya duka la mboga. Baba, Terry, alikuwa dereva wa basi, na mwenye sauti nyumbani alikuwa mama, Margaret. Watson alifanya jambo ambalo Gilbert hakulifanya: sehemu za mwanzo zilirushwa wakati za mwisho bado zinarekodiwa, hivyo familia ilianza kuishi huku ikisomwa magazetini. Binti yao alipofunga ndoa, umati ulijaa nje ya kanisa kumtazama mtu ambaye miezi michache kabla hakuna aliyemjua. Watu wa maadili walipiga kelele kwamba familia ya namna ile haifai kuonyeshwa kwenye runinga ya taifa. Kelele hizo, ukizichunguza, zilikuwa za kitabaka. Kilichowaudhi wengi si tabia ya akina Wilkins bali lafudhi yao, jikoni mwao na deni lao.

Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka 20, filamu za aina hii ziliendelea kama filamu za kumbukumbu: kamera inafuata, haiamuru. Mwisho wa miaka ya 1990 ukaleta kizazi kingine cha watayarishaji ambao hawakuridhika na kungoja. Mmoja wao alikuwa Stephen Lambert, aliyetoka idara ya filamu za kumbukumbu ya BBC, alikosimamia mfululizo wa Modern Times, akahamia kampuni binafsi ya RDF Media. Fikra yake ilikuwa rahisi: badala ya kungoja maisha yalete mgongano, mtayarishaji atengeneze mazingira ambamo mgongano hauna budi kutokea, kisha arekodi kwa uaminifu. Mwaka 2000 alileta Faking It, ambamo mtu alipewa wiki nne kujifunza kazi iliyo mbali kabisa na maisha yake, kisha akasimama mbele ya wataalamu kuona kama watamgundua. Kilikuwa kipindi chenye utu. Watu walilia kwa sababu walijiona wanaweza.

Wife Swap kilitokana na mbegu hiyohiyo. Hapa hakukuwa na kura, wala mshindi, wala mtu wa kutolewa. Mwaka huohuo wa 2003, wakati Afrika ikiwa imekodolea macho Big Brother Africa, ambamo Cherise Makubale wa Zambia aliibuka mshindi na Mwisho Mwampamba wa Tanzania akashika nafasi ya pili, vipindi vingi vya uhalisia vilikuwa vya mashindano: watu wamefungiwa mahali pa kubuni, mbali na nyumbani, na zawadi inasubiri. Wife Swap kilikwenda kinyume. Kiliwaacha watu majumbani mwao, kikaondoa mtu mmoja tu.

Na mtu huyo akiondolewa, kila kitu kinaonekana. Kipindi cha Uingereza kilikuwa na desturi ya kumwambia mtazamaji, mapema kabisa, mke anatumia saa ngapi kwa kazi za nyumbani na mume anatumia saa ngapi. Tarakimu zile zilisomwa kwa sauti tulivu, bila kumshutumu mtu. Hakukuwa na haja. Mwaka 1989 mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild alikuwa ameandika kitabu kizima, The Second Shift, akionyesha kwamba katika ndoa ambazo wote wawili wanaajiriwa, mwanamke hufanya kwa mwaka kazi ya ziada inayolingana na mwezi mzima wa siku zenye saa 24. Hoja ya Hochschild ilisomwa vyuoni. Wife Swap kilionyesha hoja hiyohiyo kwa mwanamume wa makamo anayeuliza taulo zinawekwa wapi katika nyumba aliyoishi miaka kadhaa.

Ndani ya mpango huo uliosanifiwa kwa ukali, mambo ya kweli yalitokea. Mgeni alipotoa amri kwamba baba apike na watoto wafue, mara nyingine nyumba ililipuka kwa ugomvi. Mara nyingine baba alipika, watoto wakakaa naye mezani, na mkewe aliporudi alikuta mtu aliyebadilika kidogo. Kulikuwa na mama aliyegundua kwamba anapenda sana kazi yake ya nje kuliko alivyokubali kusema, na mwingine aliyegundua kwamba alikuwa amechoka kwa miaka mingi bila kujua. Mwaka 2004 kipindi kilipata tuzo ya BAFTA, heshima ya juu kabisa ya runinga nchini humo, na sidhani kuna aliyekuwa na sababu ya kuibisha.

Lakini Uingereza ni nchi ambayo tabaka hufuata kila mazungumzo, na watayarishaji walijua kuchagua familia zilizo mbali: wenye pesa na wasio nazo, nyumba inayong'aa na nyumba yenye rundo la nguo, wazazi wakali na wazazi walegevu. Mwaka 2003 alitokea mama mmoja wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, mwenye watoto wanane, ambaye familia yake iliishi kwa posho za serikali. Magazeti yalimshika kwa majuma. Posho zake zikajumlishwa na kuchapishwa, maneno yake makali yakarudiwarudiwa, na mtu mmoja akageuzwa hoja dhidi ya maelfu ya familia maskini ambazo hazikuwahi kuiona kamera. Kipindi kilikuwa kimeahidi kumwonyesha mwanamke anavyoishi, lakini magazeti yakasoma risiti zake.

Watu mashuhuri nao wakaitwa. Mwaka 2003 kulifanyika toleo maalumu lililobadilishana nyumba ya Jade Goody, msichana wa London aliyejulikana kupitia Big Brother mwaka uliotangulia, na nyumba ya Meja Charles Ingram, ofisa wa jeshi aliyekuwa ametoka kuhukumiwa kwa udanganyifu katika shindano la Who Wants to Be a Millionaire? Hapo biashara ilianza kuonekana wazi: mtu aliyetengenezwa na runinga anaazimwa kwa runinga nyingine, na jikoni inakuwa pambo.

Wakati huo mpango wenyewe ulikuwa umeshaanza kuuzwa nje. Ujerumani ilikuwa na chake, Frauentausch, cha kituo cha RTL II, tangu katikati ya mwaka 2003. Ufaransa ikapata cha M6 mwaka 2004. Baadaye, mwaka 2011, hata India ilikuwa na Maa Exchange kwenye Sony. Soko kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa Marekani, na huko ndiko historia hii ilikoharibika na kunoga kwa wakati mmoja.

Mtandao wa ABC ndio ulionunua haki kutoka RDF, ukapanga kuanza Septemba 2004. Washindani wao wa Fox hawakukaa wakitazama. Tarehe 20 Julai 2004, miezi miwili kabla, Fox ilirusha kipindi chake yenyewe, Trading Spouses: Meet Your New Mommy. Familia mbili, mama wawili, wanabadilishana. Walichobadilisha ni kidogo: kulikuwa na dola 50,000 kwa kila familia, na mama mgeni ndiye aliyeandika barua ya kuamua fedha hizo zitumikeje na familia aliyotoka kuishi nayo.

Fox haikufanya hivyo mara moja tu. Mwaka ule NBC ilikuwa ikitayarisha The Contender, shindano la mabondia lililotengenezwa na Mark Burnett. Fox ikawahi na The Next Great Champ, na waliotengeneza The Contender walipokwenda mahakamani, jaji alikataa kuisimamisha. Supernanny ya Uingereza, ya yaya anayefundisha wazazi kulea, ilipokuwa njiani kwenda ABC, Fox ilirusha Nanny 911 Novemba 2004. Supernanny ya Marekani ikafika Januari 2005. Mtu anaweza kusema ni ushindani wa kawaida. Kwa aliyebuni, ni kuamka na kukuta shamba lako limeshavunwa.

RDF iliishtaki Fox katika mahakama ya shirikisho mjini Los Angeles. Kesi ile, iliyotolewa uamuzi wa awali mwaka 2005, inasomwa mpaka leo na wanasheria wa burudani kwa sababu ilisimama kwenye mpaka wenye utata: sheria ya hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna wazo lilivyotekelezwa. Kubadilishana mama ni wazo. Maandishi ya nyumbani, wiki ya kutii na wiki ya kuamuru, meza ya mwisho, mpangilio wa picha: hayo ni utekelezaji, au bado ni wazo tu? Mahakama iliyaondoa madai ya RDF yaliyoegemea sheria ya alama za biashara, ikikataa kwamba mwonekano wa kipindi chenyewe ni nembo inayolindwa. Kwa watayarishaji wa dunia nzima ujumbe ulikuwa mchungu: kinachouzwa kwa mamilioni ya fedha kimejengwa juu ya kitu ambacho sheria inakishika kwa vidole viwili.

Ushindani huo ulikuwa na athari moja ambayo haikuandikwa kwenye nyaraka za mahakama. Vipindi viwili vinavyofanana, kwenye mitandao miwili mikubwa, katika nchi moja, vililazimika kugombea watazamaji, na njia ya haraka ni kuongeza sauti. Tofauti kati ya familia zikapanuliwa. Tabaka, lililokuwa kiini huko Uingereza, likaachia nafasi dini, siasa, chakula na bunduki. Mla nyama mbichi akapelekwa kwa mwoga wa vijidudu, na mlokole kwa mnajimu. Wale wanaume waliouliza taulo ziko wapi hawakutosha tena.

Novemba 2005 Fox ilionyesha mama wa Kikristo kutoka Louisiana aliyekuwa ameishi na familia ya Massachusetts yenye imani za nyota na mizimu. Aliporudi kwake alipasuka: alipiga kelele kuhusu giza na ushetani, akaichana bahasha yenye habari za fedha, akawafukuza wapiga picha. Mtandao wa YouTube ulikuwa umeanzishwa miezi michache kabla, na vipande vya hasira yake vikasambaa duniani, vikawa kichekesho cha watu wasiojua hata jina la kipindi. Dakika hizo chache ndizo zilizobaki kuwa maisha yake machoni mwa umma. Ukizitazama leo bila haraka ya kucheka, unamwona mtu aliyechoka, aliyekaa siku nyingi kwenye nyumba inayokinzana na kila anachokiamini, hajalala vizuri, na kamera ziko mlangoni kwake zikimsubiri aseme.

Mlango wa mahakama ulianza kugongwa na washiriki wenyewe. Mwaka 2005 mwanamume wa Oklahoma alifungua madai ya zaidi ya dola milioni 10 dhidi ya ABC na RDF, akilalamika kwamba aliahidiwa mke mwingine, badala yake akaletewa mwanamume anayeishi na mwenzi wake wa kiume. Malalamiko yake yalikuwa na chuki ndani yake, lakini yalifichua pia kwamba washiriki waliingia gizani. Mshangao wao ulikuwa sehemu ya bidhaa. Mwaka 2013 msichana aliyeonyeshwa mwaka 2008 akiwa kijana wa mashindano ya urembo, anayejisifu na kudeka, alidai dola milioni 100, akisema alielekezwa kuigiza tabia ile na kwamba alitukanwa shuleni na mitandaoni mpaka akaugua. Mtu mzima anaweza kutia saini mkataba akajua anachokitia saini. Mtoto hatii saini. Anatiliwa saini na wazazi, kisha anarudi shuleni Jumatatu.

Kuhusu uhariri, ushahidi mkubwa kuliko wote ulitoka mahali pasipotarajiwa. Julai 2007 BBC iliwaonyesha waandishi wa habari dondoo za filamu kuhusu Malkia Elizabeth II iliyotengenezwa na RDF. Katika dondoo hizo mpiga picha Annie Leibovitz anamwomba Malkia avue taji. Picha inayofuata, Malkia anatembea kwa hasira akilalamika kuhusu mavazi. Magazeti yakaandika kwamba Malkia ametoka kwa kishindo. Haikuwa kweli. Alikuwa anaingia, si anatoka. Picha mbili zilipangwa kinyume. Aliyezipanga hivyo, katika mkanda wa kuwavutia wanunuzi wa nje, alikuwa Stephen Lambert mwenyewe. Oktoba 2007 alijiuzulu RDF, na siku hiyohiyo Peter Fincham, mkuu wa BBC One, akajiuzulu pia.

Inafaa kutulia hapo. Malkia wa Uingereza alikuwa na ofisi nzima ya kumsemea, na ndani ya saa 24 BBC ilimwomba radhi hadharani. Mama wa Rochdale hakuwa na ofisi. Mama wa Louisiana hakuwa na msemaji. Mpangilio wa picha uliomfanya Malkia aonekane mkali ni ufundi uleule unaotumiwa kila siku kwa watu wasio na wa kuwatetea, na ilihitajika taji ndipo watu wakubwa wapoteze kazi. Ni Wajerumani waliokaribia zaidi kulitendea haki jambo hili: mwaka 2012 mahakama ya Berlin iliona kwamba mwanamke aliyeshiriki Frauentausch alifanywa kichekesho kwa namna picha zilivyokatwa na kupambwa kwa sauti na maandishi, ikakataza kipindi chake kurushwa tena, ijapokuwa alikuwa ametia saini mkataba.

Lambert hakuzama. Mwaka 2008 alianzisha kampuni yake, Studio Lambert, ikazaa Undercover Boss, ambamo mkurugenzi anajificha miongoni mwa wafanyakazi wake, na baadaye Gogglebox, ambamo watu wanatazamwa wakitazama runinga. Kipaji chake hakina ubishi.

Wakati yeye anaanza upya, familia moja ya Fort Collins, Colorado, ilikuwa ikijaribu kurudi kwenye kamera. Richard na Mayumi Heene walionekana kwenye Wife Swap ya ABC Oktoba 2008: baba anayekimbiza vimbunga na kuamini viumbe wa sayari nyingine, watoto watatu wa kiume, nyumba isiyo na utaratibu. Watazamaji waliwapenda kiasi cha kuwachagua warudi katika sehemu ya 100, Machi 2009. Baada ya hapo Richard alitafuta kipindi chake mwenyewe, hakukipata.

Tarehe 15 Oktoba 2009 puto kubwa la rangi ya fedha, lililotengenezwa nyumbani kwa umbo la kisahani kinachoruka, lilikatika uani kwao likapaa. Wazazi walipiga simu wakisema mtoto wao wa miaka sita yumo ndani. Helikopta zilifuata, vituo vya habari vikakatiza matangazo, dunia ikashika pumzi mpaka puto lilipotua karibu na uwanja wa ndege wa Denver. Lilikuwa tupu. Mtoto alipatikana nyumbani, juu ya gereji, alikokuwa amejificha. Jioni ile, kwenye mahojiano ya moja kwa moja ya CNN, alipoulizwa kwa nini hakutoka alipoitwa, mtoto alijibu kwa maneno yaliyoeleweka kwamba walifanya vile kwa ajili ya kipindi.

Wazazi wote wawili walikiri makosa mahakamani. Richard alihukumiwa siku 90 jela, Mayumi siku 20, na wakatakiwa kulipa dola 36,000 za gharama za msako. Baadaye walishikilia kwamba haukuwa mchezo, kwamba walikiri kwa sababu Mayumi, mzaliwa wa Japani, alihofia kufukuzwa nchini. Desemba 2020 gavana wa Colorado, Jared Polis, aliwasamehe. Kuhusu kilichokuwa kichwani mwa Richard siku ile, kila mtu na aamue. Kuhusu mtoto hakuna cha kuamua: aliwahi kuingizwa kwenye runinga ya taifa mara mbili kabla ya kujua kusoma vizuri, na mara ya tatu dunia nzima ilimtafuta mawinguni.

Baada ya hapo kipindi kilififia. Toleo la Uingereza lilikoma Desemba 2009. La ABC mwaka 2010. Lilifufuliwa kwa watu mashuhuri kuanzia mwaka 2012, likajaribiwa tena, na Paramount Network ikalirudisha mwaka 2019. Uingereza ililiamsha mara moja mwaka 2017 kwa toleo maalumu la Brexit, nyumba iliyopiga kura kubaki Ulaya na nyumba iliyopiga kura kuondoka. Wazo la zamani lilikuwa na uhai bado: watu wawili waliotukanana mitandaoni walilazimika kuoshea vyombo kwenye sinki moja.

Katika mwezi uleule wa Januari 2003 ambao Wife Swap kilizaliwa, PBS ilikuwa imeonyesha filamu nyingine ya akina Raymond. Lance Loud, yule kijana wa hoteli ya Chelsea, alikuwa amefariki dunia Desemba 2001 akiwa na miaka 50, na kabla ya kufa aliwaita wapiga picha walewale waje kurekodi siku zake za mwisho. Aliomba pia wazazi wake warudiane. Walirudiana, wakaishi pamoja hadi Bill alipofariki mwaka 2018. Pat alimfuata Januari 2021. Familia iliyosemwa kuwa mfano wa kusambaratika ilimaliza pamoja, na sehemu hiyo ya maisha yao haikuhitaji kamera wala sehemu ya kumi na tatu.

Ulinzi wa washiriki ulikuja polepole. Mwaka 2019, baada ya ITV kukifunga kipindi cha The Jeremy Kyle Show kufuatia kifo cha mshiriki, kamati ya Bunge la Uingereza ilichunguza vipindi vya aina hii, na kuanzia Aprili 2021 Ofcom, mamlaka ya utangazaji, ikawataka warushaji wachukue hadhari ipasayo juu ya ustawi wa watu wanaoweza kuumizwa kwa kushiriki: wafahamishwe mapema hatari zilizopo, waangaliwe wakati na baada ya kurushwa.

Kamera, hata hivyo, zimeshatoka mikononi mwa warushaji ambao Ofcom inawasimamia, zikaingia mikononi mwa kila mtu. Leo mama hahitaji RDF wala Fox. Ana simu, na watoto wake wana watazamaji kabla ya kuota meno. Tarehe 1 Julai 2024 jimbo la Illinois likawa la kwanza Marekani kutekeleza sheria inayomtaka mzazi anayepata fedha kwa video za familia atenge sehemu ya mapato kwa ajili ya mtoto aliyeonekana, na ikampa mtoto huyo haki ya kwenda mahakamani iwapo fedha hazikutengwa. Kijana aliyeupigania muswada huo alikuwa msichana wa shule, mwenye umri wa miaka 15 alipomwandikia barua seneta wa jimbo lake.